Ngome ya Johannesburg: mizinga ilielekezwa kwa wageni

JOHANNESBURG, Afrika Kusini

WATANZANIA wengi wanaoingia Bondeni kwa mara ya kwanza, wakiwa wamechoka na safari ya basi kupitia Tunduma, Zambia na Zimbabwe hadi Beitbridge, hushukia Park Station na kuanza kutafuta ndugu au rafiki aliyepanga chumba Hillbrow, Berea au Yeoville. Njiani huko, upande wa juu wa mji, kuna kilima chenye kuta nene zilizofunikwa kwa udongo na majani. Wenyeji wa Jozi hukiita Constitution Hill. Wakubwa kwa umri bado wanapaita The Fort, yaani Ngome.

Wenzetu wengi hupita hapo miaka nenda rudi bila kuingia, na sababu inaeleweka. Mtu aliyekuja kutafuta maisha hana muda wa majumba ya makumbusho, na asiye na makaratasi hapendi kusogelea jengo lenye lango la chuma. Lakini kama kuna mahali katika mji huu panapomhusu mgeni kuanzia jiwe la kwanza, basi ni hapo, kwa sababu ngome hiyo ilijengwa kwa ajili ya wageni. Haikukusudiwa kuwakaribisha bali kuwachunga.

Hadithi yenyewe inaanzia nje ya mji, upande wa magharibi, mahali panapoitwa Doornkop.

Dhahabu iligunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Nchi wakati huo ilikuwa Jamhuri ya Makaburu ya Transvaal chini ya Rais Paul Kruger, mzee wa shamba na Biblia ambaye hakuupenda hata kidogo mji huu mpya wa kamari na pombe. Ndani ya miaka michache Johannesburg ilijaa watu kutoka Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko. Makaburu waliwaita Uitlanders, maana yake watu wa nje. Walilipa kodi na kuchimba dhahabu, lakini haki ya kupiga kura hawakuipata mpaka wawe wamekaa nchini miaka 14. Kruger alihofia kwamba akiwapa kura, watamnyang'anya nchi kwa karatasi badala ya bunduki. Ukweli ni kwamba hofu yake haikuwa ya bure.

Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na Waziri Mkuu wa Koloni la Cape, alipanga na wakubwa wa migodi kwamba Uitlanders waasi ndani ya Johannesburg, na wakati huohuo kikosi cha wapanda farasi kivuke mpaka kuja "kuwaokoa". Kiongozi wa kikosi alikuwa daktari, Leander Starr Jameson. Uasi wa mjini ukasitasita. Waliopanga wakaanza kubishana hata juu ya bendera itakayopeperushwa. Jameson hakungoja. Tarehe 29 Desemba 1895 akavuka mpaka na watu wapatao 500 na ushei.

Inasimuliwa kwamba askari waliotumwa kukata waya za simu walikuwa wamelewa, wakakata ua wa shamba la mtu badala ya waya wa kwenda Pretoria. Iwe kweli au chumvi, Kruger alipata habari mapema, na makamanda wake wakamfuata Jameson nyuma na kumzuia mbele. Tarehe 2 Januari 1896, hapo Doornkop, baada ya usiku wa risasi, Jameson alisalimu amri kwa Piet Cronjé. Kitambaa cheupe hawakuwa nacho, na hadithi ya siku hizo inasema waliazima aproni ya mwanamke wa shamba wakaifunga kwenye fimbo.

Anayekwenda Doornkop leo asitarajie uwanja wa vita uliozungushiwa uzio kama wa Isandlwana kule KwaZulu-Natal, ambako marundo ya mawe meupe yanaonyesha askari wa Kiingereza walipoangukia mwaka 1879. Doornkop sasa ni sehemu ya Soweto. Ni mtaa wa nyumba ndogo za serikali, teksi za hiace, maduka ya rejareja na vilima vya taka za migodi. Watoto wanacheza mpira pale farasi wa Jameson walipokwama. Hapohapo, Mei 29, 1900, wakati wa vita kubwa ya Waingereza na Makaburu, kikosi cha Gordon Highlanders kilipanda mlima ulioungua moto kikiwa kimevaa sketi zao za Kiskoti, na katika muda mfupi kikapoteza karibu watu 100 kwa kufa na kujeruhiwa. Mwandishi kijana aliyeshuhudia, Winston Churchill, alipita katikati ya Johannesburg akiwa kwenye baiskeli na nguo za kiraia kupeleka ripoti, huku mji ukiwa bado mikononi mwa Makaburu. Kama angekamatwa, historia ya dunia ingekuwa na ukurasa tofauti.

MWAKA ULEULE, PWANI KWETU

Msomaji wa Afrika Mashariki akisoma tarehe hizi atasikia kitu anachokifahamu. Wakati Jameson anasalimu amri, Waingereza walikuwa wanapigana na Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui katika vijiji vya nyuma ya Mombasa. Aprili 1896 Mbaruk alivuka kwenda kwa Wajerumani. Agosti 27 mwaka huohuo manowari za Kiingereza zilipiga jumba la Sultani Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikaa kwenye kiti bila idhini yao. Khalid naye akakimbilia kwa Wajerumani. Na Kaizari Wilhelm wa Pili, aliyekuwa bwana wa Tanganyika, ndiye aliyempelekea Kruger simu ya pongezi tarehe 3 Januari 1896, simu iliyowakasirisha sana Waingereza.

Kisiwa cha St Helena kiliwameza wote wawili kwa zamu. Cronjé, mshindi wa Doornkop, alipelekwa huko baada ya kushindwa Paardeberg Februari 1900. Khalid, aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1916, alizungushwa Ushelisheli na St Helena kabla ya kuruhusiwa kurudi Mombasa, alikofia mwaka 1927.

Jameson mwenyewe alihukumiwa kifungo London, akatoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka 1904 akawa Waziri Mkuu wa Cape. Wakubwa wanne wa njama ya mjini walihukumiwa kifo kisha wakalipa faini ya pauni 25,000 kila mmoja wakaenda zao. Ndivyo ilivyokuwa kwa wageni wenye fedha.

BUNDUKI ZINATAZAMA WAPI?

Baada ya Doornkop, Kruger hakuwaamini tena watu wa nje. Juu ya kilima kulikuwa na jela iliyojengwa mwaka 1892 na 1893. Kati ya 1896 na 1899 akaizungushia kuta za udongo na mawe, mahandaki na mahali pa mizinga. Ukipanda leo juu ya ukuta huo, jambo moja linaonekana bila kuelezwa na mtu. Ngome nyingi tunazozijua, kuanzia Fort Jesus hadi Ngome Kongwe ya Unguja, zinamtazama adui anayekuja, na kwao adui anatoka baharini. Hii inatazama mji. Chini yake zinaonekana paa za Johannesburg, mnara wa Hillbrow na magorofa ya Braamfontein. Mtu aliyesimama na mzinga hapa alikuwa na kazi ya kuwaonyesha wakazi kwamba wanatazamwa.

Haikusaidia kitu. Mei 31, 1900 Lord Roberts aliingia mjini kwa makubaliano, na ngome haikupigana. Waingereza wakaigeuza jela tena.

Kuna watu wa nje ambao hata wakati ule hawakutajwa katika ugomvi huu. Kufikia 1899 Waafrika karibu 100,000 walikuwa wanafanya kazi migodini, wengi wao kutoka Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Nao walikuwa wametoka nje ya mipaka, nao walichimba dhahabu ileile, lakini hakuna aliyeanzisha vita kwa ajili ya kura zao. Waingereza walipojenga jela ya pili kwenye kilima hicho kwa ajili ya wafungwa weusi, maarufu kwa jina la Namba Nne, hao ndio walioijaza.

Namba Nne ndiyo sehemu ya ziara inayomkaa mtu rohoni. Ngome ya zamani iliwekewa wanaume weupe. Kwenye vyumba vya Namba Nne wanaume weusi walirundikwa hadi hapakuwa na nafasi ya kugeuka usiku, na wafungwa wenye nguvu ndio walioamua nani alale wapi. Kuna ua ambako wafungwa waliorudi kazini walivuliwa nguo zote na kuchezeshwa ngoma ya aibu iitwayo tausa, ili walinzi waone kama wameficha kitu mwilini. Kuna mabango ya mgawo wa chakula kwa rangi ya ngozi: Mzungu nyama na mkate kiasi hiki, Mhindi na chotara pungufu, Mwafrika uji na mahindi. Vyumba vya adhabu ni vidogo kama stoo ya mkaa. Mtu hutoka humo akiwa ananong'ona bila kuambiwa.

Kilichowaleta wengi hapo kilikuwa karatasi. Hawakuua wala kuiba. Walikutwa barabarani bila pasi, ile hati iliyomlazimu Mwafrika kuonyesha nani kamwajiri na anaruhusiwa kuwa mjini mpaka lini. Wazee wa Kenya hawahitaji kueleza zaidi, kwa sababu walikuwa na kipande, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1915 na kuvaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati.

Mohandas Gandhi, wakili kijana, alifungwa kilimani hapo kwa mara ya kwanza Januari 1908 kwa kukataa kujiandikisha chini ya sheria ya Waasia wa Transvaal. Tarehe 16 Agosti mwaka huo, nje ya Msikiti wa Hamidia, Newtown, wenzake walichoma moto vyeti zaidi ya 2,000 vya uandikishaji. Waziri aliyebishana naye wakati huo ni Jan Smuts, Kaburu aliyepigana na Waingereza kisha akawa mtu wao. Sisi tunamjua Smuts kwa njia nyingine. Mwaka 1916 alikuja Afrika Mashariki kuongoza vita dhidi ya Wajerumani, siku chache baada ya askari weupe wa Afrika Kusini kufukuzwa kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, Februari 12. Waliowanusuru siku ile walikuwa askari wa Kibaluchi kutoka Bara Hindi. Kwa watu waliofundishwa kudharau ngozi isiyo nyeupe, lilikuwa somo chungu.

Gereza la wanawake liko hatua chache tu. Oktoba 1958 wanawake zaidi ya 1,000 walikamatwa kwa kupinga pasi, miongoni mwao Albertina Sisulu na Winnie Madikizela-Mandela, aliyekuwa mjamzito na ndoa yake haijatimiza hata mwaka.

KOSA LA MZEE MADIBA

Mumewe Winnie alifika Ngome mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1956, alipokamatwa pamoja na wenzake katika kesi ya uhaini ya watu 156. Mara ya pili ni Agosti 1962. Alikuwa mweusi katika jela ya weupe, akawekwa kwenye sehemu ya hospitali kwa kuwa polisi walihofia atatoroshwa. Chumba hicho kinaonyeshwa kwa wageni.

Wengi hawakumbuki alishtakiwa kwa nini safari hiyo. Mashtaka yalikuwa mawili: kuchochea mgomo, na kutoka nje ya nchi bila hati halali ya kusafiria. Na safari yenyewe ni ile iliyomfikisha Mbeya Januari 1962 kwa ndege ndogo kutoka Bechuanaland, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Huko Mbeya alishangaa kuona hoteli ambamo weusi na weupe wanakaa pamoja bila mtu kufukuzwa. Akaenda Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere, na serikali ya Tanganyika ikampa karatasi ya kumwezesha kuendelea na safari ya kuomba msaada Afrika nzima. Kwa kosa la mgomo na la kusafiri bila hati alihukumiwa miaka mitano, Novemba 1962.

Kwa hiyo kijana wa Kitanzania anayejificha Hillbrow kwa kukosa makaratasi, na anayekiona kilima kile kwa woga, angependa kujua kwamba mfungwa mashuhuri kuliko wote waliopita pale alifungwa kwa kosa linalofanana na lake.

JELA IMEKUWA MAHAKAMA

Jela ilifungwa mwaka 1983, ikaachwa kuoza. Afrika Kusini huru ilipotafuta makao ya Mahakama ya Katiba, majaji walichagua kilima hiki. Jengo lilifunguliwa Machi 21, 2004. Jela ya mahabusu ilibomolewa na matofali yake yakatumika kujenga ukuta ndani ya chumba cha mahakama na ngazi pana za nje. Minara minne ya ngazi zake imeachwa imesimama peke yake. Nguzo za ukumbini zimeinamishwa kama miti, kwa kuwa wazee wa Kiafrika waliamua mashauri chini ya mti. Meza za majaji 11 zimefunikwa ngozi ya ng'ombe. Nyuma yao kuna dirisha refu, jembamba, lililo usawa wa ardhi ya nje, na kinachoonekana humo ni miguu ya watu wanaopita barabarani. Julai 2024, UNESCO iliingiza Constitution Hill katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine yanayohusiana na Mandela.

Mahakama hiyo imewahi kuamua kesi iliyotugusa moja kwa moja, na si kila mtu nyumbani aliifurahia. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alitafutwa kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa Agosti 7, 1998, uliowaua watu 11. Alikimbilia Cape Town, akaomba ukimbizi kwa jina la uongo, akawa anafanya kazi mgahawani. Oktoba 1999 alikamatwa na kukabidhiwa haraka kwa FBI. Tarehe 28 Mei 2001, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kumkabidhi bila ahadi ya kutonyongwa kulivunja katiba ya Afrika Kusini, hata kama mtu huyo ni mgeni, ameingia kwa udanganyifu na ametuhumiwa kwa mauaji. Ikaagiza hukumu hiyo ipelekwe New York. Wazee wa baraza wa huko hawakukubaliana kumuua, akapewa kifungo cha maisha.

Waliopoteza ndugu Dar es Salaam wana haki ya kukereka na uamuzi huo. Lakini ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa maana ya kilima kile kubadilika. Miaka 100 kabla, pale pale, mgeni alielekezewa mzinga.

Nje ya kuta hali ni nyingine. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra yaliua watu 62, na kati yao 21 walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Mengine yakafuata mwaka 2015 na 2019. Kundi la Operation Dudula, lililozaliwa Soweto mwaka 2021, lilikuwa likisimama kwenye milango ya zahanati na kudai watu waonyeshe vitambulisho. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ililizuia, ikisema mtu binafsi hana mamlaka ya kumdai mwenzake pasipoti. Hiyo ni kazi ya polisi na uhamiaji.

Katika vijiwe vya Watanzania hapa hoja inayorudiwa kila siku ni kwamba sisi tuliwalea: Kongwa, Mazimbu, Morogoro, leo wanatufukuza. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila ina kasoro. Inaifanya haki ya mgeni iwe deni la kulipana kati ya mataifa, na Mkongo, Mmalawi au Msomali ambaye nchi yake haikuwa na kambi za ANC atabaki bila la kusema. Kwenye kesi ya Khalfan majaji hawakuuliza Tanzania ilisaidia nini.

Kufika ni rahisi. Kutoka Park Station si mbali, ila asiyeujua mji achukue teksi badala ya kutembea akiwa na simu mkononi. Ziara za kuongozwa hupitia Ngome, Namba Nne na gereza la wanawake, na mtu atenge nusu siku nzima. Mahakama yenyewe hailipiwi. Vikao vyake ni vya wazi, na siku ya kesi mtu yeyote anaweza kukaa kwenye viti vya nyuma akasikiliza, akitazama miguu ya wapita njia dirishani.